Doa lililomponza mwenyewe: kisa cha kereng'ende wawili wa mto mmoja

Tukio lenyewe huchukua sekunde chache, na asiyejua anachokitazama hataona kitu. Ni mchana wa Julai, kwenye mto mdogo wa Finland unaokwenda taratibu. Dume wa kereng'ende mwembamba ametua kwenye jani la mmea wa majini. Ghafla dume mwingine anachomoka kivulini na kumvaa. Wanazungukana hewani mara mbili tatu, kisha yule aliyekuwa ametua anafukuzwa mita kadhaa hadi anaiacha sehemu yake.

Madume kugombania sehemu ya mto ni jambo la kila siku kwa wadudu hawa. La ajabu hapa ni kwamba wawili hawa si wa spishi moja. Aliyeshambulia hana haja na majike wa mwenzake, na mwenzake hana haja na majike wake. Tena ukikaa ukingoni ukahesabu, utaona kwamba wanaoshambuliwa hawaandamwi sawasawa. Wenye madoa makubwa mabawani ndio wanaokipata cha mtema kuni.

Kisa hiki kilichunguzwa huko Finland mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Katja Tynkkynen na wenzake. Nimekichagua kwa sababu ni nadra kupata tukio dogo kiasi hiki ambalo limefuatiliwa kutoka ugomvi wa sekunde tano hadi swali la nani anaishi na nani anakufa.

Wahusika

Kiswahili kinawaita wote kereng'ende: wale wanene wanaotua wakiwa wametandaza mabawa kama ndege ya abiria, na hawa wembamba ambao wengi wao wakitua huyafumba mabawa juu ya mgongo. Wahusika wetu wote wawili ni wa kundi hili la pili, na ni wa jenasi moja, Calopteryx, jina la Kigiriki lenye maana ya bawa zuri. Mara hii wataalamu hawakutia chumvi.

Wa kwanza ni Calopteryx splendens, aliyepewa jina la kisayansi na Moses Harris mwaka 1780. Mwili wa dume unang'aa kama chuma kilichopakwa rangi ya buluu inayoelekea kijani, na una urefu wa karibu milimita 45 hadi 50. Kinachomtambulisha ni mabawa. Yanapoanzia mwilini ni maangavu, unaona jani lililo nyuma yake. Yakifika katikati yanaingia utepe mpana wa buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, na huo ndio doa ninalolisema. Ncha zake zinarudi kuwa angavu. Akipiga mabawa yake polepole juani, ule utepe huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, na ni hivyo unavyomwona ukiwa ng'ambo ya mto kabla hujaona mwili wake. Jike hana utepe. Mwili wake ni wa kijani kinachometa, mabawa yana rangi ya kijani iliyofifia sana, na karibu na ncha ya kila bawa kuna kidoa cheupe. Kwa ajili ya simulizi hii tumwite Utepe.

Wa pili ni Calopteryx virgo, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1758. Dume wake ana mwili wa mng'ao uleule, ila mabawa ni ya giza karibu yote, tangu mzizini hadi nchani. Jike ana mabawa ya kahawia. Huyu tumwite Giza.

Sasa zingatia jambo moja, kwa kuwa kesi yote inasimama juu yake: utepe wa Utepe haulingani kwa madume wote. Kuna wenye utepe mwembamba, na kuna wenye utepe uliotanuka hadi ukila sehemu kubwa ya bawa. Yule wa utepe mpana, akiruka kwa kasi, anakaribia kabisa kufanana na Giza.

Kwa makazi wanatofautiana kidogo. Utepe hupenda mito ya tambarare, ya mwendo wa pole, iliyo wazi kwa jua, yenye matope chini na mimea mingi ndani yake. Giza ni wa vijito vya baridi zaidi, vya kasi zaidi, vyenye changarawe na kivuli cha miti. Lakini mto hauna ukuta. Kona moja ina kivuli, kona inayofuata ina jua, na hapo katikati wanakutana.

Kinachogombaniwa

Mtu hawezi kuelewa ugomvi wa hawa madume bila kwanza kushuka chini ya maji, kwa kuwa wanachokilinda juu kina thamani kwa sababu ya kinachotokea chini.

Kereng'ende mzima anaishi wiki chache tu. Sehemu kubwa ya maisha yake ameshaimaliza akiwa tunutu, yaani mdudu mchanga wa majini, kwa kawaida miaka 2 hivi, akiwa ameng'ang'ania mashina na mizizi mtoni. Tunutu wa Calopteryx ni kama kijiti chenye miguu: mwembamba, miguu mirefu, papasi zenye pingili ya kwanza ndefu isiyo ya kawaida, na mwisho wa tumbo ana vijani vitatu vinavyomsaidia kuvuta oksijeni ya majini. Hakimbizi mawindo. Anangoja, kisha anafyatua mdomo wake wa chini uliokunjwa kama mkono na kumnasa mdudu mdogo anayepita. Maisha ya namna hii yanadai maji yanayosogea. Maji yakisimama na kupata joto, oksijeni hupungua, na yeye ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Mayai nayo yana dai lilelile. Jike hayadondoshi majini ovyo. Hupasua shina la mmea kwa kifaa cha kutagia kilicho mwishoni mwa tumbo na kuyapachika ndani, moja moja, mara nyingine akizama mzima chini ya maji. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1995 kwa ndugu wa karibu wa Utepe anayeishi kusini-magharibi mwa Ulaya ulionyesha kwamba majike huchagua kutaga panapopita mkondo wa kasi zaidi, na kwamba mayai ya hapo huanguliwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo dume akikamata kipande cha mto chenye mimea mizuri iliyopitiwa na mkondo, amekamata mlango ambao majike hawana budi kuupitia. Hana chakula cha kumpa jike wala kiota. Alichonacho ni mahali. Jike akikaribia, dume humwendea akipiga mabawa kwa kasi, kisha huweza kujitupa juu ya maji na kuelea kidogo huku akiinua ncha ya tumbo lake, kama anayesema mayai yawekwe hapa. Jike akiridhika, dume humshika nyuma ya kichwa kwa vikoleo vya mwisho wa tumbo, jike hujipinda mbele, na miili yao huunda umbo la duara. Baada ya dakika chache jike huenda kutaga, na dume hukaa karibu akimlinda.

Kwa nini amlinde, na kazi yake imeshakwisha? Jibu lilipatikana mwaka 1979, pale Jonathan Waage alipotangaza alichokigundua kwa ndugu yao wa Marekani Kaskazini, Calopteryx maculata. Kiungo cha dume kina kazi mbili. Kabla hajaweka mbegu zake, dume hutumia kiungo hichohicho kukwangua na kutoa mbegu za dume aliyemtangulia, na huondoa kati ya asilimia 88 na 100. Maana yake ni kwamba dume akizubaa dakika moja, mwingine akaingia, amekula hasara karibu yote. Tafadhali shika hesabu hii, tutairudia.

Utepe mpana unasema nini

Rangi ile ya giza ni melanini. Kereng'ende anapotoka kwenye ngozi yake ya utunutu mabawa huwa bado hayana rangi kamili. Rangi huingia katika siku za mwanzo za utu uzima, ikikamilika imekamilika. Hakuna dume anayeweza kuongeza utepe wake baadaye kwa sababu amekula vizuri.

Melanini hiyohiyo ndiyo silaha ya mdudu dhidi ya wavamizi. Kimelea kikiingia mwilini, chembe za damu hukizingira na kukifunika kwa ganda jeusi hadi kife. Mwaka 2000 Markus Rantala na wenzake, wakifanya kazi kwa Utepe, walitumia njia rahisi ya kupima nguvu hiyo: waliingiza kipande kidogo cha uzi wa nailoni mwilini mwa madume, wakautoa baadaye na kuangalia umefunikwa kiasi gani. Wenye madoa makubwa walikuwa wameufunika vizuri zaidi. Mwaka huohuo Michael Siva-Jothy alionyesha uhusiano wa rangi ya mabawa na uwezo wa kuwahimili vimelea wa utumbo.

Hadi hapo hadithi ni nyoofu. Utepe mpana ni cheti cha afya kisichoghushiwa kirahisi. Ungetegemea basi kila mtoni wenye utepe mpana waishi zaidi na kuzaa zaidi.

Haikuwa hivyo. Tynkkynen na wenzake walipolinganisha mito mbalimbali ya Finland, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walikuta kwamba kadiri Giza walivyokuwa wengi zaidi mtoni kulinganisha na Utepe, ndivyo tepe za Utepe zilivyokuwa ndogo. Kuna kitu kilikuwa kinawaadhibu wenye cheti kizuri.

Watuhumiwa watatu

Mtuhumiwa wa kwanza ana sifa kubwa vitabuni. Mwaka 1956 W. L. Brown na E. O. Wilson walieleza hali ambapo spishi mbili za karibu zikiishi pamoja hutofautiana zaidi kuliko zikiishi mbalimbali. Maelezo yaliyozoeleka ni ya ndoa zisizofaa: jike akikosea na kupandana na dume wa spishi nyingine, uzao wake hupata shida au haupatikani, kwa hiyo majike wanaoweza kutofautisha na madume wasio na utata ndio wanaofaulu. Machotara wa Utepe na Giza wapo kweli, ingawa ni wachache. Kwa maelezo haya utepe mdogo ni njia ya kusema waziwazi: mimi si yule.

Mtuhumiwa wa pili ni ndege. Bawa jeusi linaonekana kutoka mbali. Huko Sweden, Erik Svensson na Magne Friberg walitumia ushahidi ambao ungeweza kuokotwa na mtoto: tiktiki wa ukingoni akimla kereng'ende hana haja na mabawa, huyaacha chini. Waliyaokota mabawa hayo, wakayapima, wakalinganisha na ya waliobaki hai. Ndege hachagui kibubusa. Maumbile ya mabawa yanahusika katika nani analiwa. Lakini ndege peke yake hamtoshi mchunguzi wa kesi hii. Kama ndiye mkosaji, kwa nini adhabu ipande na kushuka kulingana na wingi wa Giza?

Mtuhumiwa wa tatu ni Giza mwenyewe, na kwake kuna shahidi wa macho. Madume wa Giza waliwashambulia zaidi madume wa Utepe wenye madoa makubwa kuliko wenye madogo. Shambulio la kwanza nililoanza nalo hapo juu si bahati mbaya ya siku moja. Wanamdhania mwenzao.

Jaribio lenyewe

Kumwona mtu akipiga si sawa na kuthibitisha kwamba kipigo ndicho kilichoua. Huenda mito yenye Giza wengi ina kitu kingine kinachofanana, kivuli zaidi au maji baridi zaidi, nacho ndicho kinachopunguza tepe. Njia ya kukata mzizi wa fitina ni moja: mwondoe mtuhumiwa, uone kama uhalifu utakoma.

Ndicho walichofanya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Katika baadhi ya mito waliwatoa madume wa Giza. Katika mingine waliwaacha. Kisha wakafuatilia ni madume gani wa Utepe walioendelea kuishi, na utepe wao ulikuwa na ukubwa gani.

Pale Giza walipoachwa, jibu lilitegemea wingi wao. Walipokuwa wachache, wenye utepe mpana waliishi vizuri zaidi, kama cheti chao kinavyodai. Kadiri Giza walivyoongezeka faida ile ilipungua, ikafika sifuri, ikageuka kuwa hasara: wenye utepe mdogo ndio waliobaki. Pale Giza walipoondolewa, uhusiano huo ulitoweka.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha kesi. Doa ni lilelile, mwili ni uleule, kinga ni ileile. Kilichobadilika ni jirani. Na kwa ushahidi huu mtuhumiwa wa kwanza hahitajiki ili tepe zipungue. Huenda naye anashiriki, hakuna aliyemfutia mashtaka, lakini hata kama majike wasingekosea kamwe, ngumi za madume peke yake zinatosha kusukuma mambo upande ule.

Kipigo kinauaje

Hapa msomaji makini atauliza: kereng'ende hawapigani kwa kuraruana, hawachomi sumu, na mapambano yao mengi ni ya kuzungukana tu. Mtu anakufaje kwa kuzungukwa?

Nadhani jibu liko kwenye mafuta. Mwaka 1990 James Marden na Waage walionyesha, kwa yule ndugu wa Marekani, kwamba mapambano marefu ya kugombania eneo ni vita vya kuchoshana. Mshindi hakuwa mwenye mwili mkubwa wala misuli mingi zaidi. Alikuwa yule mwenye akiba kubwa zaidi ya mafuta mwilini. Kila mzunguko hewani unakula akiba hiyo. Ikiisha, dume hana tena anachoweza kulinda, na mtaji huo haurudi kirahisi. Sasa mfikirie Utepe mwenye doa pana kwenye kona iliyojaa Giza. Anapigana na wenzake kama kawaida, kisha anapigana na wageni pia, wageni wasiotaka hata kitu chake. Anachanga sehemu mbili kwa mfuko mmoja.

Na Giza je, kwa nini asijifunze kutofautisha? Inavutia kumcheka, lakini turudi kwenye ile hesabu ya Waage. Dume wa Giza akimfukuza asiyehusika, amepoteza sekunde chache. Akimwachia mpinzani wa kweli akidhani hahusiki, anaweza kupoteza jike na karibu uzao wote aliokwisha kuuweka. Makosa mawili, bei zake mbali kabisa. Anayefukuza kwanza na kuuliza baadaye si mjinga. Amekadiria vizuri, ila gharama ya makosa yake analipa mwingine. Ndiyo maana sioni kwa nini shinikizo la kubadilika lilale upande wa Giza. Kosa ni lake, lakini hasara ni ya Utepe, na mwenye hasara ndiye anayebadilika.

Yasiyofungwa

Kesi haijaisha. Jaribio lile lilipima kuishi, na kuishi si kuzaa. Dume mwenye utepe mdogo anayenusurika kipigo bado anapaswa kumridhisha jike, na jike hutazama mabawa.

Tena jike mwenyewe si hakimu aliyezaliwa na sheria zote kichwani. Kundi la Svensson lilionyesha kule Sweden mwaka 2010 kwamba majike wasio na uzoefu wa madume hawana ule uteuzi walio nao majike waliokwisha kukutana nao. Kumtambua wa kwao ni jambo wanalojifunza kwa kiasi fulani. Hilo linaipa kesi kona mpya. Katika mto wenye Giza wachache, jike wa Utepe anajifunzia kwa madume wenye tepe pana, waliokuwa na nafasi ya kuishi. Katika mto wenye Giza wengi, anaposhuka kutoka kwenye majani ya ukingoni kutafuta shina la kutagia, waliobaki wakimpigia mabawa mbele yake ni wale wa utepe mwembamba, na ni kwa hao anajifunza sura ya dume wa kwao.